Weupe wa Povu: Asubuhi Zangu kwenye Majabali ya Mtende

Kwa miaka mingi riziki yangu ilitoka kwenye harusi za mjini Unguja, na kwa hiyo nilijihesabu kuwa mtu aliyekwisha kuujua weupe. Kanzu ya bwana harusi ikipigwa na jua la adhuhuri hupoteza darizi yake yote, na katika picha hubaki kipande cheupe kisicho na mshono wala mkunjo. Kanzu hiyo hiyo ikikaa chini ya turubai la kijani hutoka na ukijani ambao mama yake atauona kabla hajauona uso wa mwanawe. Mambo hayo nilikuwa nimeyazoea, na dawa zake nilikuwa nazijua. Ndiyo maana, nilipoamua kupiga picha za bahari kwa ajili ya nafsi yangu, bila ya mteja wala malipo, nilidhani kwamba povu la mawimbi litakuwa jambo jepesi kwangu. Misimu mitatu ya kusi, ule upepo wa kusini, ilipita kabla sijaelewa jinsi nilivyokuwa nimekosea.

Mahali penyewe ni Mtende, kijiji cha Wilaya ya Kusini kilicho kati ya Kizimkazi na Makunduchi. Wageni wengi huijua Unguja kwa mchanga wa Nungwi na Paje, ambako pwani huteremka taratibu na maji huja yakitambaa. Kule Mtende ardhi hukatika ghafla. Unatembea juu ya maweni, yaani ile nchi ya mawe na vichaka ambamo mkulima hupanda penye kijishimo cha udongo, kisha unajikuta ukingoni, na chini yako kuna bahari. Mwamba huo ulikuwa matumbawe hai zama ambazo bahari ilisimama juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu na kugeuka jiwe, na ni jiwe la namna hiyo hiyo lililojengea nyumba za Mji Mkongwe. Mawimbi yameula mwamba kwa chini, na juu pamebaki kama baraza la nyumba lililotokeza nje. Majabali mengine yametengana kabisa na ardhi, na yanasimama peke yao majini yakiwa na kichwa kipana na shingo nyembamba, mfano wa uyoga. Povu linapoingia chini ya mabaraza hayo hunaswa, huzunguka na kukaa muda mrefu kuliko linavyokaa juu ya mchanga. Kwa mtu anayetaka kulitazama povu, sijui mahali pengine kisiwani palipo bora zaidi.

Siku ya kwanza nilifika saa 4 asubuhi, mwezi wa Juni, nikiwa nimevaa ndara na nimebeba kamera mbili. Bahari haikuwapo. Maji yalikuwa yametoka mpaka karibu na mwamba wa nje, na mbele yangu kulikuwa na uwanja wa mawe yaliyoloa, vidimbwi na mwani uliolala. Wanawake kadhaa walikuwa wameinama hapa na pale wakitafuta pweza. Mmoja wao, mtu mzima aliyejifunga kanga mbili na kushika chuma chake cha kuchokolea, alipita karibu nami akielekea ukingoni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

"Nimekuja kupiga picha za mawimbi."

Aliangalia kamera zangu, akaangalia bahari, kisha akanijibu kwa upole mkubwa: "Leo mwezi pili, mwanangu. Bamvu hili. Saa hizi maji yametoka, yatarudi alasiri. Ukiyataka alfajiri, njoo mwezi nne, au mwezi tano."

Alikuwa akihesabu siku tangu mwezi wa angani ulipoandama, na bamvu ni yale maji makubwa ya siku hizo. Nilimshukuru, nikakaa chini ya mvinje kuyasubiri hayo maji ya alasiri. Nakiri kwamba maneno yake niliyasikia kama mtu anavyosikia maelekezo ya njia, bila kujua kwamba alikuwa amenipa sehemu kubwa ya elimu niliyoihitaji. Kilichonishughulisha siku ile kilikuwa kingine.

Ilipofika saa 10 jioni bahari ilikuwa imejaa, imefika mpaka kwenye shingo za yale majabali, na kila wimbi lilipopiga liliacha chini ya baraza la mwamba zulia la povu lenye upana wa chumba. Nilipiga picha nyingi. Niliporudi mjini na kuzifungua kwenye kompyuta, povu lote lilikuwa na rangi ya buluu, kana kwamba mtu amelisuuza kwa ile buluu ya kufulia ambayo mama zetu walikuwa wakiitia kwenye maji ya mwisho ili kanzu za Ijumaa zing'are. Nilidhani kamera imeharibika. Nikazipitia picha za harusi ya jana yake, zilikuwa sawa. Nikarudi tena kwenye za Mtende na kutazama vizuri, nikaona kwamba mbali kidogo na mwamba, pale palipopata jua, povu lilikuwa na manjano hafifu, na pale palipokuwa na kivuli lilikuwa buluu, na mpaka baina ya rangi hizo mbili ulikuwa ukifuata ukingo wa kivuli cha mwamba kwa usahihi kabisa.

Ufafanuzi wake ni rahisi ukishaupata. Mwezi wa Juni jua letu hupita upande wa kaskazini, na saa 10 jioni huwa limeinamia kaskazini ya magharibi. Mwamba wa Mtende unaitazama bahari ya kusini. Kwa hiyo uso wake wote ulikuwa kwenye kivuli, na povu lililokuwa chini yake halikuwa likipata jua hata kidogo, isipokuwa mwanga wa mbingu tupu, na mbingu ile ilikuwa ya buluu isiyo na wingu. Pale ukingoni macho yangu yalikuwa yameniambia kwamba povu ni jeupe, kwa sababu macho ya binadamu huyarekebisha mambo kabla hayajakufikia: yakishajua kwamba kitu ni cheupe, hukionyesha cheupe. Kamera ilikuwa imesema kweli, mimi ndiye niliyekuwa sijaona.

Baada ya hapo nikataka kujua weupe wa povu unatoka wapi. Maji hayana weupe, na hewa haina. Siku moja niliteka povu kwa kiganja kutoka kwenye kidimbwi, nikalisogeza karibu na uso. Juu kulikuwa na viputo vichache vikubwa, kila kimoja kikiwa na kijipicha cha mbingu kilichopinda, na karibu na kilele cha kila kiputo kulikuwa na michirizi ya rangi, zambarau na kijani, iliyokuwa ikiteremka polepole. Kiputo kilipokaribia kupasuka, rangi zilififia na kilele kikawa kama hakipo. Chini ya hivyo vikubwa kulikuwa na viputo vidogo mno, vimeshikana kama mayai ya samaki, na hapo ndipo weupe ulipoanzia. Kila mwanga unapovuka kutoka kwenye maji kwenda kwenye hewa, sehemu yake hurudishwa. Na kwa kuwa ndani ya kiganja kimoja cha povu kuna mivuko hiyo maelfu kwa maelfu, mwanga hupigwa huku na huku mpaka unatoka nje ukiwa na rangi zile zile ulizoingia nazo, bila hata moja kuzuiliwa. Hiyo ndiyo maana ya weupe wake. Povu halina rangi yake. Lipe mwanga wa alfajiri, litakurudishia alfajiri. Lipe mbingu ya kusi, litakurudishia buluu.

Kuna jambo jingine ambalo nilijifunza kwenye kiganja hicho hicho. Ukipiga maji ya kisima ndani ya ndoo, viputo hupanda na kutoweka papo hapo, lakini vya baharini hukaa. Chumvi huvizuia visiungane kuwa vikubwa, na mabaki ya mwani na viumbe vidogo yaliyoyeyuka majini hufanya kazi inayofanana na ya sabuni, yakikipa kila kiputo ngozi inayodumu. Wakati wa kusi, mawimbi yanapong'oa mwani na kuusaga kwenye mawe, povu la Mtende huwa zito, na lile lililokaa siku nzima kwenye pembe za mwamba hupata umanjano. Watu kadhaa walioziona picha zangu wameniuliza kama huo ni uchafu. Mara nyingi ni bahari yenyewe iliyopigwa ikaumuka, na mimi huupenda umanjano huo kwa sababu huonyesha lipi ni povu jipya na lipi ni la asubuhi.

Sasa nirudi kwenye maneno ya yule bibi. Mpiga picha wa nchi kavu huishi kwa saa ya jua. Kwetu saa hiyo haibadiliki sana: mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa 12:30 asubuhi, na katikati ya Novemba karibu na saa 12 kamili, na tofauti hiyo ndiyo karibu yote tuliyo nayo kwa mwaka mzima. Bahari hufuata mwezi. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakichelewa kila siku kwa dakika kama 50, pungufu kidogo wakati wa bamvu. Kwenye pwani ya Unguja mambo haya yana utaratibu ambao mvuvi yeyote atakutajia bila kufungua kitabu: siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa 4, asubuhi na usiku. Siku saba baadaye, wakati wa maji mafu, yaani maji madogo, mambo hugeuka, na maji hujaa saa 4. Tofauti ya kimo baina ya kujaa na kupwa kwa bamvu inaweza kukaribia mita 4. Ya maji mafu haifiki hata nusu yake.

Weka kalenda hizo mbili pamoja, uone kinachotokea. Siku ya bamvu lenyewe, ambalo mimi kwa ujinga nililichagua kwa kusikia kwamba ndilo lenye maji makubwa, jua huchomoza maji yakiwa yamekwisha kutoka kwa saa mbili na zaidi, na yanaendelea kutoka. Siku ya maji mafu jua huchomoza maji yakiwa bado chini, yanaanza tu kupanda, na hata yakifika juu hayana nguvu ya kuufikia ukuta wa mwamba. Zimebaki siku chache katikati, siku mbili tatu baada ya bamvu, ambapo maji bado ni makubwa na saa ya kujaa kwake imesogea mpaka ikaikuta saa ya mapambazuko. Mwezi nne, au mwezi tano. Kisha tena mwezi kumi na nane mpaka kumi na tisa au ishirini. Katika mwezi mzima, asubuhi ambazo mwanga mwekundu na povu jipya hukutana ukutani pa Mtende ni nne au tano, na mawingu ya kusi yakichukua mbili, zimebaki mbili.

Nilikuwa na programu ya maji kwenye simu, na grafu zake nilikuwa nazisoma kila siku. Lakini grafu ilinipa saa za leo na kesho, haikunipa mzunguko. Bibi yule alikuwa akitazama mwezi angani na kujua yatakayokuwa wiki ijayo, kwa sababu kitoweo chake kilitegemea kujua hivyo. Nilipoacha kutafuta siku na kuanza kuhesabu mwezi, safari zangu za bure zilipungua sana.

Hata hivyo kuna mgongano ambao hauna dawa, nao ni wa majira. Mawimbi makubwa ya kusini huja na kusi, hasa Juni mpaka Agosti. Lakini miezi hiyo jua huchomoza upande wa kaskazini ya mashariki, yaani kushoto kabisa kwa mtu anayeitazama bahari ya Mtende, karibu usawa wa ukingo wa ardhi, na mara nyingi huanza kwa kujificha nyuma ya mwamba. Desemba na Januari jua hutokea baharini hasa, zuri, mbele yako. Lakini wakati huo ni kaskazi, upepo unatoka nyuma ya kisiwa, na bahari ya kusini imetulia kama maji ya mtungi. Kwa muda mrefu nilisikitika kwamba siwezi kupata jua la Desemba juu ya mawimbi ya Julai. Leo naona kwamba mwanga wa ubavuni wa Julai ndio unaolifaa povu zaidi. Jua likiwa mbele, povu lote huwaka kwa pamoja. Jua likipita ubavuni, kila donge la povu hupata upande wa dhahabu na upande wa buluu, na jicho likaona kwamba povu lina mabonde na vilima vyake. Picha zangu zote ninazozithamini ni za mwanga huo wa ubavuni.

Mwanga wenyewe haukai. Karibu na ikweta jua hupanda wima, na tangu linapochungulia mpaka linapofika digrii 6 juu ya bahari hupita dakika kama 25 tu. Mara ya kwanza nilipofika kwa mwezi na saa iliyo sawa, nilizipoteza dakika 15 za mwanzo nikifunga na kufungua stendi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifika saa 11 alfajiri, nakaa gizani na kusikiliza. Wimbi linaloingia chini ya baraza la mwamba hutoa mshindo mzito, kimya kifupi, halafu msononeko mrefu wa povu linalopasuka. Na kwa sauti hiyo peke yake mtu huweza kujua, kabla hajaona chochote, ni kona ipi inayopokea maji mengi.

Katika kupiga picha, mambo mawili yalinichukua muda. La kwanza ni kipimo cha mwanga. Kamera hukisia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, kinakuwa kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye povu tupu, hulifanya povu kuwa kijivu, na lazima uongeze mwanga, karibu mara mbili au zaidi ya inavyotaka yenyewe. Lakini mwamba ulioloa ni mweusi, na mwamba ukijaza picha, kamera hudanganyika upande wa pili na kuunguza povu mpaka likawa bapa, kama ile kanzu ya adhuhuri. Nimeamua kwamba povu ndilo bwana: napima mwanga wa povu, na mwamba uachwe uwe mweusi unavyotaka. Mwenye simu anaweza kufanya hivyo hivyo, kwa kugusa povu kwenye kioo na kuteremsha mwanga mpaka viputo vionekane. Giza la mwamba linaweza kufufuliwa baadaye. Povu lililoungua halifufuki.

La pili ni kasi. Nilianza kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, nikapata matone yaliyoganda hewani kama vipande vya chupa. Kisha nikavutwa na mtindo wa kuacha kamera wazi kwa sekunde 30, ambao huigeuza bahari kuwa ukungu laini, na kwa mwaka mzima picha zangu zilikuwa ukungu huo. Sasa siupendi. Unafuta wimbi, unafuta saa ya maji, na bahari ya Mtende inakuwa sawa na ya nchi nyingine yoyote. Nimetulia kwenye robo ya sekunde au nusu sekunde, na ninabonyeza wakati wimbi limekwisha kupiga na limeanza kurudi, kwa sababu ndipo povu linapovutwa baina ya mawe na kuchora mistari inayoonyesha maji yalipitia wapi. Wimbi linapokuja huwa na kelele nyingi na umbo dogo. Umbo lake huja likiwa linaondoka.

Kosa kubwa kuliko yote nililifanya Julai ya mwaka wa pili. Ilikuwa mwezi nne, maji yamejaa, mbingu imeanza kupata wekundu, na chini yangu kulikuwa na ngazi ya mwamba, hatua mbili kutoka majini, iliyoonekana kuwa mahali hasa pa kusimama. Niliyatazama mawimbi kwa dakika kama tano, nikaona hakuna lililoifikia, nikateremka. Niligeuka nyuma kuchukua lenzi kwenye mfuko. Wimbi lililonipiga sikuliona. Nilisikia tu kwamba kelele iliyokuwapo imekatika, kisha maji yalikuwa kifuani. Nilidondoka juu ya jiwe lenye ncha, goti na kiganja vikachanika, kamera ikavutwa hatua chache na kurudishwa na wimbi lililofuata. Fundi aliyeifungua mjini alinionyesha unga mweupe uliokwisha kuota kwenye viungo vyake. Mimi nilikuwa nimesalimika, na mpaka leo nashukuru kwamba maji yale yalinisukuma ndani badala ya kunivuta nje.

Mawimbi huja kwa makundi. Misururu miwili ya mawimbi iliyotoka mbali ikikutana, pahala fulani hujumlishana na pahala fulani hupunguzana, na utulivu wa dakika tano ni alama ya kundi lililopungua, ambalo nyuma yake linakuja lililojumlishwa. Sasa natazama kwa dakika 20 au zaidi kabla ya kuteremka popote, na wala sitazami maji peke yake. Jiwe lenyewe linasema: mwamba mkavu wa Mtende ni kijivu chepesi, ulioloa ni mweusi, na mpaka baina ya rangi hizo ndio mahali wimbi refu la saa ile lilipofika. Nilipotafakari asubuhi ile, nilikumbuka vizuri kabisa kwamba ile ngazi ya mwamba ilikuwa nyeusi. Niliiona, nikaona weusi wake unalingana vizuri na povu, na sikujiuliza imeloa kwa sababu gani. Nilipomsimulia yule bibi, aliushika mkono wangu, akalitazama jeraha la kiganja, akasema, "Bahari haizoewi, mwanangu. Hata sisi hatuipi mgongo."

Ninapowachukua vijana kwenda huko, jambo hilo ndilo ninalolisema kwanza, kabla ya habari yoyote ya lenzi. Pia nawataka wavae viatu vilivyofunga, na wabebe chupa ya maji baridi yasiyo na chumvi pamoja na kitambaa safi. Kwa sababu chumvi ikikauka kwenye kioo cha lenzi kisha ikafutwa kavu, hukwaruza, na lazima ilainishwe kwanza kwa kitambaa kilicholowa.

Chumvi hiyo inayotuharibia vioo ina kazi nyingine, na nimeipenda kadiri miaka ilivyopita. Kila kiputo kinapopasuka hurusha hewani vitone vidogo mno. Maji yake yakikauka, chembe za chumvi hubaki zinaelea. Asubuhi ya kusi, juu ya majabali hukaa kijiukungu ambacho hakitokani na umande. Jua la ubavuni likikipita, mwanga wenyewe huonekana, umenyooka chini ya baraza la mwamba kama unaoingia kwenye dirisha la msikiti, na unazidi kuwa mnene kila wimbi linapovunjika. Mwanga huifikia Mtende ukiwa mkali. Povu ndilo linaloulainisha, halafu unaanguka juu ya povu lile lile. Nimekaa mara nyingi bila kubonyeza kitu, nikitazama hayo tu mpaka jua limepanda.

Mwaka jana nilichapisha picha moja kwenye karatasi kubwa na kumpelekea yule bibi nyumbani kwake. Inaonyesha jabali moja la uyoga, ubavu wake wa kushoto umeshika wekundu, na chini yake povu limevutwa kwa mistari mirefu kuelekea baharini. Aliiweka juu ya mapaja, akaipangusa kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na vumbi, akaitazama kwa muda. Nilingoja aseme kitu kuhusu rangi. Yeye aliweka kidole juu ya povu, kwenye shingo ya jabali, akakipandisha taratibu mpaka pale weusi wa jiwe ulipokomea.

"Hapa yalikuwa yamekwisha kuanza kutoka," akasema. "Hii mwezi tatu."

Nilifungua simu kutazama tarehe, nikahesabu. Ilikuwa mwezi tatu. Akamwita mjukuu wake aje aione, na yeye mwenyewe akasimama kukitafuta chuma chake, kwa kuwa saa 4 ilikuwa inakaribia na maji yalikuwa yakitoka.